Sosholojia na Sera za Jamii: Nani Analipa na Nani Anafaidika

Kila mwaka vijana wanapoomba nafasi katika Chuo Kikuu, sosholojia na sera za jamii huhesabiwa na wengi kuwa kimbilio la waliokosa udaktari, uhandisi au sheria. Wapo wanaosema ni elimu ya maneno matupu. Wapo wengine, wenye nia njema zaidi, wanaodhani ni elimu ya huruma, ya kumwandaa kijana kuhudumia yatima na wazee. Fikra zote mbili ni potofu, na upotofu huo una hasara, kwa sababu mambo yanayochunguzwa na elimu hii ndiyo yanayoamua nani apate dawa na nani akose.

Tuanze na maana. Sosholojia huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: namna wanavyozalisha mali, familia zao, matabaka yao, mila zao na mamlaka yanayowatawala. Sera za jamii huchunguza jinsi taifa linavyogawana mizigo na matunda, yaani afya, elimu, nyumba na pensheni. Somo la kwanza linauliza kwa nini hali iko hivi. La pili linauliza nani ameamua iwe hivi, na kwa fedha ya nani. Anayesoma la kwanza peke yake aweza kuwa fundi hodari wa kuueleza umaskini bila kuugusa. Anayesoma la pili peke yake huishia kuwa karani wa kugawa misaada.

Elimu hii haikuzaliwa katika vyumba vya mihadhara. Mwaka 1899 katika mji wa York, Uingereza, Seebohm Rowntree alituma watu kupita nyumba kwa nyumba za wafanyakazi. Walipita kwenye familia 11,560. Rowntree mwenyewe alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti, wala si mwanamapinduzi hata kidogo. Wakati ule matajiri waliamini kuwa maskini ni maskini kwa sababu ya ulevi na uvivu. Hesabu zake, zilizochapwa mwaka 1901, zilionyesha kuwa zaidi ya robo ya wakazi wote wa mji waliishi katika umaskini. Kati ya wale ambao kipato chao hakikutosha hata kwa chakula na mavazi ya lazima, zaidi ya nusu walikuwa katika hali hiyo kwa sababu moja tu: baba mwenye nyumba alikuwa kazini kila siku, lakini ujira wake ulikuwa mdogo. Basi kosa likahama kutoka tabia ya mtu na kwenda kwenye kiwango cha mshahara. Hiyo ndiyo kazi ya sosholojia inapofanywa sawasawa.

Lakini aliyelifikisha somo hili mahali pake ni Richard Titmuss. Huyu hakuwa na digrii yoyote. Alikuwa karani wa kampuni ya bima, akajifunza takwimu humo, na mwaka 1950 akawa profesa katika London School of Economics. (Wanaoabudu vyeti wayapime hayo.) Katika mhadhara wake wa mwaka 1955 alieleza jambo ambalo hadi leo wengi hawalioni. Watu wakisikia neno ustawi wa jamii huwaza zile huduma ambazo Serikali huwapa wanyonge waziwazi. Titmuss akasema ustawi una njia tatu, na hiyo ni moja tu. Njia ya pili ni kodi: mtu anaposamehewa sehemu ya kodi kwa ajili ya watoto wake au akiba yake ya uzeeni, amepewa msaada, ingawa hakuna aliyemwona akipanga foleni. Tena mwenye kipato kikubwa husamehewa zaidi, na asiye na kipato cha kutozwa kodi hapati kitu. Njia ya tatu ni ajira: pensheni, nyumba, gari na matibabu anayopewa mtu kwa sababu ya cheo chake. Njia ya kwanza hupigiwa kelele kila siku kuwa inamaliza fedha za umma. Zile mbili nyingine hukaa kimya.

Titmuss hakuishia Uingereza. Aliongoza kikundi cha wataalamu kilichochunguza huduma za afya za Tanganyika, na taarifa yao iliyotolewa mwaka 1964 ilitilia mkazo kinga na vituo vya afya vya vijijini. Miaka mitatu baadaye Azimio la Arusha liliuliza swali la aina hiyo hiyo kwa lugha yetu wenyewe: hospitali kubwa ikijengwa mjini kwa mkopo, anayeulipa mkopo ni mkulima anayezalisha pamba na kahawa, na anayetibiwa ni mtu wa mjini.

Sasa tuchukue njia tatu za Titmuss tuzitazame bima zetu za afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu akilipa mtumishi na nusu mwajiri wake. Mwajiri huyo ni Serikali, na fedha ya Serikali ni kodi ya wote, pamoja na muuza mchicha anayelipa kodi kila anunuapo sukari. Kijijini, Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulidai kiwango kimoja kwa kila kaya. Mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku watatu walilipa sawa. Mtumishi alichangia kadiri ya kipato chake na akaongezewa na mwajiri. Mkulima alilipa kwa kichwa. Hakuna aliyekaa akapanga dhuluma hiyo. Ilitokana na kuifuata ajira kama njia rahisi ya kukusanya michango, na mwanafunzi wa sera za jamii anapaswa kuweza kuionyesha kwa hesabu, siyo kwa hasira.

Liko pia suala la mtafiti anamtumikia nani. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mwanasosholojia wake, Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma. Maandishi yake yana thamani kubwa hata leo, lakini yalitafutwa ili watu watawalike kwa urahisi. Kinyume chake ni mradi wa Jipemoyo ulioanza Bagamoyo mwaka 1975, ambamo watafiti akina Marja-Liisa Swantz walitaka wanakijiji washiriki kuyachambua matatizo yao wenyewe. Njia hii ni ya polepole, na baadhi ya wasomi waliibeza kuwa si sayansi. Hata hivyo mwanakijiji aliyeshiriki utafiti hubaki na matokeo yake. Yule aliyehojiwa tu hubaki na kumbukumbu ya mgeni mwenye daftari.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya vitendo kwa wanafunzi wa masomo haya si jambo la kukamilisha alama. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka anayeingia Chuo Kikuu awe kwanza amefanya kazi. Utaratibu huo uliachwa baadaye, nao ulikuwa na kasoro zake, lakini aliyewahi kukaa dirishani pa zahanati huisoma takwimu ya wagonjwa tofauti na aliyetoka shule moja kwa moja.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza na aifungue sheria hiyo na kalamu mkononi, aandike pembeni ya kila kifungu cha michango: huyu ni mwajiriwa, huyu ni kibarua, huyu ni mjane mwenye nusu ekari. Kisha apige hesabu kila mmoja atatoa sehemu gani ya kipato chake.