Biashara ya Majina ya Vikoa katika Mizani ya Sharia

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa biashara walizozikimbilia vijana wetu ni kununua na kuuza majina ya vikoa. Jina la kikoa ni ile anwani anayoiandika mtu kwenye simu au kompyuta ili aifikie tovuti, mfano zile zinazoishia na .com, .co.tz au .co.ke. Mtu hulisajili jina kwa ada ya mwaka, husubiri atokee mwenye kulihitaji, kisha humwuzia kwa bei ya juu. Wengi wamevutwa na habari za mauzo makubwa, kama ya jina voice.com lililouzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30 za Marekani. Maimamu nao huulizwa: je, faida ya namna hii ni halali? Na anayeanza ashike njia ipi?

Tunasema kuwa anayetaka kuingia katika biashara hii aanze kwa kujiuliza: thamani ya jina hili imetoka wapi? Ikiwa imetoka katika neno la watu wote, kama "karafuu" au "samaki", mlango uko wazi kwa masharti yake. Ikiwa imetoka katika sifa aliyoijenga mtu mwingine kwa jasho lake, basi anayeliuza jina hilo anauza kisicho chake.

Kinachouzwa ni nini?

Fakihi huanza kwa kuijua bidhaa kabla ya kuihukumu. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa mwezi Machi 1985, na kwa miaka kumi hivi watu walisajili bila kulipa. Ada ilianza kutozwa mwaka 1995, na tangu mwaka 1998 mpango mzima unasimamiwa na taasisi iitwayo ICANN. Kwa Tanzania majina ya .tz yamekuwa yakisimamiwa na tzNIC, na kwa Kenya majina ya .ke na KeNIC. Aliyesajili jina hamiliki kitu cha kushikika. Anachomiliki ni haki ya kulitumia kwa muda aliolipia, na haki ya kulihuisha muda ukiisha. Asipolihuisha, linamtoka.

Je, haki ya namna hii ni mali inayouzika? Mwezi Desemba 1988, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu (Majmaa al-Fiqh) liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, haki ya utunzi na ya uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwa kuwa ada ya watu leo inazihesabu kuwa na thamani ya kifedha. Baraza likajuzisha kuziuza, kwa sharti kusiwe na gharari, udanganyifu wala ghishi. Uamuzi huo ulitolewa kabla ya biashara ya vikoa kuwepo, lakini sababu iliyotajwa humo inapatikana katika vikoa pia: ni haki yenye thamani kwa watu, na manufaa yake ni mubaha.

Pingamizi lenye uzito

Huenda mwanafunzi wa fiqhi akatupinga kwa mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, aliyeizungushia ardhi mawe bila kuihuisha huitwa mutahajjir. Ana haki zaidi kuliko wengine kuiendeleza, lakini Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hawezi kuiuza. Basi huyu aliyesajili jina akaliacha bila tovuti, si sawa na aliyepanga mawe tu?

Hoja hii ni nzuri, na hatuipuuzi. Hata hivyo tunaona kuna tofauti. Mwenye kupanga mawe hana mkataba na yeyote wala hakulipa kitu. Aliyesajili jina amelipa, ana mkataba wa muda maalumu, na mkataba huo unamruhusu kulihamishia kwa mwingine. Hali yake iko karibu zaidi na ya mpangaji aliyeruhusiwa na mwenye nyumba kumpangisha mwingine.

Pamoja na hayo, hekima ya hukumu ile inabaki. Mtume (S.A.W.) alimpa Bilal bin al-Harith al-Muzani (siye Bilal muadhini) ardhi ya al-Aqiq karibu na Madina. Ulipofika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (R.A.), Umar alimweleza kuwa hakupewa ardhi ile ili awazuie watu, bali aifanyie kazi. Akamwachia kiasi alichoweza kukihudumia na kilichobaki akawagawia Waislamu. Na imepokewa kwake kuwa aliyezungushia ardhi bila kuihuisha hana haki baada ya miaka mitatu. Ni kweli kwamba Mashafi wameihusisha ihtikari ya haramu na vyakula, kwa hiyo hatusemi kuwa kuweka majina ni ihtikari. Lakini aliyelimbikiza mamia ya majina ambayo hatayatumia, huku wenye haja wakizuiwa, aikumbuke hukumu ya al-Aqiq.

Nasaha kwa anayeanza

Kwanza, jiepushe na majina ya wenyewe. Kabla ya kusajili, tafuta kama neno hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Kwa Tanzania Bara ulizia BRELA, kwa Kenya KIPI. Mwaka 1995 mtu mmoja wa Marekani alisajili jina la kampuni ya kamera za filamu, Panavision, kisha akaidai kampuni dola 13,000 ili aliachie. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilimhukumu dhidi yake. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa uitwao UDRP, ambapo mwenye alama hurudishiwa jina akithibitisha mambo matatu: kwamba linafanana na alama yake, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kwetu sisi, hata pasipokuwa na mahakama, kumlazimisha mtu alinunue jina lake mwenyewe ni kula mali kwa batili.

Pili, usiuze usichonacho. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza asichokimiliki, kisha aende sokoni kukinunua. Wapo wanaomwuzia mteja jina ambalo bado hawajalisajili, au ambalo muda wake kwa mwenyewe haujaisha. Mwenye kutaka kumtafutia mtu jina aafikiane naye ujira wa uwakala, na bei ya jina ijulikane.

Tatu, eleza aibu ya bidhaa. Jina linaweza kuwa lilitumiwa zamani kwa picha chafu au barua za utapeli, na hivyo kufungiwa na mitambo ya kutafutia habari. Mnunuzi achunguze katika hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive, na muuzaji aseme anachokijua. Kisa cha chungu cha chakula kilichoonekana kikavu juu na kuloa ndani kinajulikana na kila msomaji.

Nne, minadani usifanye najshi, yaani kupandisha bei wewe au rafiki yako bila nia ya kununua.

Tano, tazama pato la jina likiwa limekaa. Wengi huliweka kwenye kampuni inayobandika matangazo, wasijue kama ni ya kamari, ulevi au mikopo ya riba. Usiyeweza kuyachuja, yaache. Vilevile usimwuzie jina unayejua atalitumia kwa haramu, kama ilivyokatazwa kumwuzia zabibu mtengenezaji wa mvinyo.

Sita, hesabu ada. Majina 50 kwa dola 12 kila moja ni dola 600 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni dola 3,000, hata kama hakuna lililouzika. Anayeanza aanze na majina machache anayoyaelewa, kwa fedha isiyo ya karo, kodi ya nyumba wala deni, na asikope kwa riba. Malipo yapitie kwa mtu wa tatu mwaminifu mpaka jina lihamie kwa mnunuzi.

Zaka na amana

Jina lililonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa ya biashara. Mwaka ukitimia likadiriwe kwa bei linayoweza kupata sokoni siku hiyo, si kwa bei inayotamaniwa, lijumlishwe na mali nyingine za biashara na fedha, na zikifika nisabu zitolewe asilimia 2.5. Jina linalotumika kwa duka lako mwenyewe ni kama rafu na mizani, halina zaka.

Mwisho tunawakumbusha maimamu na wasimamizi wa madrasa. Jina la msikiti lisiandikishwe kwa jina la kijana aliyejitolea, bali kwa jina la taasisi, na tarehe ya kulihuisha ijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Jina la .com likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya juu, kisha siku 5, halafu linakuwa la atakayetangulia. Na wewe mwekezaji ukilipata jina la msikiti kwa njia hiyo, warudishie wenyewe kwa gharama uliyolipa. Kwa hukumu ya mkataba pengine hulazimiki, lakini thamani yake unajua ilitoka wapi.

Wallahu aalam, na kwake Allah ndiko kwenye taufiki.