Saa Chache za Mgeni: Marseille, Kilindini na Ufuo wa Kalokol

Utalii wa bandarini ni ule ambao msafiri hufika kwa chombo cha majini au hukifuata chombo ufukoni, hupewa saa chache za kutembea, kisha huondoka kabla giza halijaingia. Katika Bahari ya Kati utalii wa aina hii umekuwa biashara kubwa, na Marseille, mji wa bandari ulioko kusini mwa Ufaransa, ni miongoni mwa vituo vyake vikuu, kwani katika mwaka 2023 pekee ulipokea zaidi ya abiria milioni 2 wa meli za kitalii. Kaskazini mwa Kenya, katika Kaunti ya Turkana, ipo ziara inayofanana na hiyo kwa umbo ingawa si kwa ukubwa: ile ya mgeni anayetoka Lodwar asubuhi, akashuka Kalokol kando ya Ziwa Turkana, akapanda mashua hadi Kisiwa cha Kati na kurejea jioni. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu iliyo bora zaidi ya safari hiyo ni ufuo wenyewe, ambao wageni wengi huupita mbio wakielekea kisiwani, na kwamba hasara ya haraka hiyo huwaangukia wavuvi na wafumaji wa vikapu.

Marseille inafaa kutazamwa kwanza kwa sababu tatizo lake ni la umbali. Mji huo ulianzishwa takriban mwaka 600 kabla ya Kristo na mabaharia Wagiriki waliotoka Phocaea, katika pwani ya Uturuki ya leo, na ulikua ukiizunguka ghuba ndogo ambayo hadi sasa huitwa Vieux-Port, yaani Bandari ya Kale. Meli kubwa za siku hizi haziingii humo. Hufunga gati kaskazini mwa mji, kilomita kadhaa kutoka katikati, kwenye eneo la bandari lisilofaa kutembelewa kwa miguu, hivi kwamba abiria asiyepata basi huweza kumaliza sehemu kubwa ya muda wake akiwa bado hajauona mji. Yule anayefika Vieux-Port hukuta mambo mengi yakiwa karibu karibu: wavuvi wanaouza samaki wa asubuhi ukingoni mwa maji, kanisa la Notre-Dame de la Garde lililotabarukiwa mwaka 1864 juu ya kilima, na jumba la makumbusho la MuCEM lililofunguliwa mwaka 2013. Hatua chache kutoka hapo kuna mabaki ya gati na kuta za kale yaliyofukuliwa mwaka 1967 wakati wa ujenzi wa jengo la maduka, ambayo yameachwa wazi yakawa bustani, ili mpita njia aone kwa macho yake umri wa mji bila kuhitaji siku nzima.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuujali mji huo. Marseille ni makao ya makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Komoro, visiwa ambavyo lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na uhusiano huo ulijengwa na meli. Kampuni ya Messageries Maritimes ilikuwa na safari zilizotoka Marseille, zikapita Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, zikagusa Mombasa, Zanzibar na Komoro, kisha zikaendelea hadi Madagaska. Wakomoro wengi walifanya kazi katika meli kama hizo, na baadhi yao wakabaki Marseille na kuanzisha jamii iliyopo leo. Abiria anayeshuka kwa saa sita akaishia kwenye maduka ya bandarini hawezi kuijua Marseille hiyo. Wala meli haziuletei mji faida tu: mwaka 2022 meya wake, Benoît Payan, aliongoza ombi la wananchi la kutaka meli zinazochafua hewa zaidi zizuiwe siku ambazo hewa ya mji imeharibika kupita kiasi, kwa kuwa moshi hubaki kwa wakazi ilhali mgeni ameshaondoka.

Mombasa nayo inafahamu hesabu hii ya saa. Abiria wa meli za kitalii wanaoshukia bandari yake ya Kilindini hugawanyika, wengine wakielekea Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, wengine wakikimbizwa Tsavo kutazama wanyama na kurudishwa melini jioni. Fedha za kundi la pili hupita mjini bila kutua.

Kutoka Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, hadi Kalokol ni mwendo wa takriban kilomita 60. Lodwar yenyewe ina historia ambayo kila Mkenya anapaswa kuijua, kwani Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini humo kuanzia mwaka 1959, baada ya kifungo chake cha Lokitaung na kabla ya kuhamishiwa Maralal mwaka 1961. Kando ya barabara ya kuelekea ziwani, kabla ya Kalokol, zimesimama nguzo za mawe meusi ya volkano zinazojulikana kwa jina la Namoratunga, ambazo masimulizi ya wenyeji husema ni watu waliogeuzwa mawe wakiwa katika ngoma. Mwaka 1978 watafiti wawili walidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota, dai ambalo wengine walilipinga miaka michache baadaye. Lililo na uthibitisho zaidi linatoka Lothagam, upande wa kusini karibu na bonde la chini la Mto Kerio, ambako uchimbaji uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, takriban miaka 5,000 iliyopita, walizika watu wasiopungua 580 chini ya jukwaa moja la mawe lenye nguzo, wazee kwa watoto, bila dalili kwamba wachache waliheshimiwa kuliko wengine. Kaburi hilo la pamoja lilianza kujengwa zaidi ya miaka 2,000 kabla Wagiriki hawajatia nanga Marseille, na bado magari ya watalii hupita karibu na nguzo za Namoratunga bila kupunguza mwendo.

Kalokol ni mji wa samaki. Uko karibu na Ghuba ya Ferguson, mkono wa ziwa uliokingwa na Longech, ulimi mrefu wa mchanga wanakoishi wavuvi wengi. Samaki wanaotawala biashara ni ngege, ambaye wengine humwita tilapia, na sangara, ambaye masokoni Kenya hujulikana pia kama mbuta. Kwa kuwa jua ni kali na barafu ni ghali, samaki wengi hukaushwa papo hapo: ngege hupasuliwa mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, hutolewa matumbo, hufunuliwa kama kitabu, hupakwa chumvi na kuanikwa, ilhali sangara, kwa unene wake, hukatwa vipande kwanza ili chumvi ipenye. Samaki aliyekauka sawasawa ni mkavu hadi karibu na uti wa mgongo, kwa sababu unyevu ukibaki hapo funza huingia kabla mzigo haujafika sokoni. Kutoka hapa mizigo huenda Lodwar, Kitale na hata Kongo, na mingine huishia Kakuma, mji ulioko kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio, ambako tangu mwaka 1992 kumekuwa na kambi ya wakimbizi wenye mapishi yao ya samaki mkavu waliyotoka nayo makwao. Kazi hiyo ya kupasua, kutia chumvi na kuanika, ambayo sehemu yake kubwa hufanywa na wanawake, ndiyo inayostahili saa ya kwanza ya mgeni, naye aombe ruhusa kabla ya kupiga picha na anunue kitu kwa bei ya soko.

Uvuvi wenyewe una historia ya majonzi ambayo Waturkana hawajaisahau. Kwa wafugaji, samaki walikuwa chakula cha aliyepoteza mifugo, na ni baada ya ukame na njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambapo serikali ilizisukuma familia nyingi ziwani. Msaada wa Norwe ulifuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikajengwa Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Kugandisha kulihitaji umeme na maji safi kwa kiasi ambacho eneo halikuwa nacho, kwa hiyo mitambo ilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kisha katikati ya muongo huo maji ya Ghuba ya Ferguson yakarudi nyuma na samaki wakapungua, na mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi kati ya Kenya na Norwe ukavunjika. Kiwanda hicho kinastahili kuelezwa kwa kila mgeni, kwa kuwa kinaonyesha kilichotokea pale mipango ya ziwa ilipofanywa bila kufuata tabia ya ziwa.

Tabia hiyo ni ya kupanda na kushuka. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, hivyo maji yake hupungua kwa mvuke pekee, na takriban asilimia 80 hadi 90 ya maji yanayoingia huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, huku Turkwel na Kerio ikichangia kidogo. Bwawa la Gibe III lililozinduliwa kwenye Omo mwaka 2016 lilizusha hofu ya ziwa kukauka, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hata hivyo, mvua za miaka iliyofuata zililijaza ziwa hadi likameza nyumba na minazi ya jangwani, ile miti ya mikoma iliyokuwa imesimama ufukoni. Mkazi wa Kalokol ameona ghuba ikikauka na ameona ikifurika katika maisha yaleyale.

Kisiwa cha Kati, kinachofikiwa kwa mashua, ni kilele cha volkano ambayo bado ni hai, na ndani yake mna maziwa matatu madogo yaliyojaa katika kasoko, yaani mashimo yaliyoachwa na milipuko. Ziwa mojawapo limepewa jina la mamba, jingine la heroe na jingine la tilapia, na mamba wa Mto Nile huzaliana humo. Ni mahali pa ajabu kwa kweli, na kimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1997. Hata hivyo kuvuka si jambo la kuchezea. Upepo wa kusini mashariki unaopita kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia ni mkali kiasi cha kuzungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa, na mawimbi yake yameshaua wavuvi waliozaliwa hapohapo. Nahodha akisema safari isubiri, mgeni hana budi kusubiri, na ratiba iliyobana saa huwa ndiyo hatari kubwa kuliko mamba.

Waswahili pia wamo katika historia ya ziwa hili. Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, waliolifikia mwezi Machi 1888 na kulipa jina la mrithi wa kiti cha Austria, Rudolf, walisafiri na msafara wa wapagazi wa pwani, na miongoni mwa viongozi wao wa njia alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Jina la Rudolf lilidumu hadi mwaka 1975, Kenya ilipoliita ziwa kwa jina la wenyeji wake.

Kusini mwa Kalokol iko Eliye, penye chemchemi za maji matamu yanayobubujika hatua chache kutoka kwenye maji ya ziwa yenye magadi. Mikoma ya huko, ambayo Waturkana huiita eeng'ol, hutoa matunda yanayoliwa, vifaa vya kuezekea na miyaa, yaani majani yaliyochanwa vipande vyembamba vya kusukia. Vikapu vya Waturkana husukwa kwa kuzungusha, mzunguko juu ya mzunguko, na kimoja kizuri huchukua siku kadhaa za kazi ya mikono. Kukiombea punguzo la nusu ya bei kwa sababu gari linanguruma ni dhuluma kwa aliyekisuka.

Yanayohitajika hayazidi uwezo wa Kaunti ya Turkana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ufuo wa Kalokol unahitaji gati linaloelea, litakalopanda na kushuka pamoja na maji, badala ya lile la saruji ambalo ziwa litaliacha mchangani au kulizamisha. Kila mashua inayobeba wageni inapaswa kuwa na jaketi okozi kwa kila abiria, na bei ya kuvuka ibandikwe wazi kwa Kiswahili na Kiturkana, ikikubaliwa na vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo, ili fedha zifike mkononi mwa mwenye chombo bila kupitia madalali wengi. Vijana wa Kalokol, Kerio na Longech wafunzwe kuwa waongozaji, kwa kuwa habari za nguzo, za njaa na za kiwanda zimo katika familia zao. Naye msomaji anayekusudia safari hiyo alale Kalokol au Eliye walau usiku mmoja, aanzie ufukoni kwa wanaokausha samaki, na kisiwa akiache mikononi mwa nahodha na upepo.