Ng'ombe, zabibu na miaka 13 ya marufuku

Anayeweka mtaji wote katika zao moja huomba sheria isibadilike. Carl Wente, mhamiaji kutoka Ujerumani, alijifunza kazi ya mvinyo kwa Mjerumani mwenzake, Charles Krug, huko Napa, California. Mwaka 1883 akanunua ekari 47 Livermore. Ni ardhi ya kokoto, ambayo mkulima wa mahindi angeikimbia, lakini hupitisha maji upesi na mzabibu huipenda. Baadaye familia iliongeza ardhi na kufuga ng'ombe.

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe. Ng'ombe hawakuguswa. Mvinyo wa ibada uliruhusiwa pia, na Wente wakauza wao kwa jumla kwa Beaulieu, iliyokuwa na soko la makanisa. Hapo ndipo penye hesabu: mzabibu mpya huchukua kama miaka 3 kuzaa, hivyo aliyeng'oa yake alichelewa marufuku ilipoondolewa 1933. Wente walikuwa tayari.

Mzee alifariki 1934. Wanawe, Ernest na Herman, wakatoa Chardonnay ya mavuno ya 1936 yenye jina la zabibu kwenye lebo, na pingili za shamba lao zikasambaa kote California.