Vipindi vya Watoto Vyageuka Mali

Kipindi cha watoto katika televisheni ni bidhaa yenye wauzaji wake, kama historia ya kampuni ya HIT ya Uingereza inavyothibitisha. Chanzo chake ni ofisi iliyofunguliwa mwaka 1982 ili kuuza katika nchi mbalimbali vipindi vya vikaragosi vya Mmarekani Jim Henson. Mwaka 1989, Henson alipokusudia kuiuzia Disney shirika lake, mkuu wa ofisi hiyo, Peter Orton, alianzisha kampuni yake mwenyewe.

Lakini auzaye mazao ya wengine huishi kwa hisani yao. Kwa hiyo HIT ikatengeneza vyake, hasa Bob the Builder, fundi mjenzi ambaye wimbo wake uliongoza nchini Uingereza mnamo Desemba 2000. Mwaka 2001 ikanunua kampuni yenye Barney, na mwaka 2002 ile yenye gari-moshi Thomas.

Mali hiyo nayo ikatamaniwa. Mwaka 2012 Mattel, kampuni ya Marekani itengenezayo vichezeo, iliinunua HIT kwa dola milioni 680.

Basi mtoto aliliapo kichezeo alichokiona katika televisheni, mzazi akumbuke: huenda mwenye kipindi ndiye mwenye kichezeo.