Mashujaa wa Katuni na Wenzao wa Pwani (4): Mbaruk wa Gazi Akikutana na Mekatilili

Kampuni mbili kubwa za vitabu vya katuni nchini Marekani, Marvel na DC, zimepatana tena. Septemba 2025 Marvel ilitoa kitabu kinachowakutanisha Deadpool na Batman, na Novemba DC ikajibu kwa kitabu chake chenye wawili haohao. Mashabiki walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 20. Hadithi kubwa ya mwisho ya kuwakutanisha mashujaa wa pande hizo mbili ilitoka 2003 na 2004, Justice League walipovaana na Avengers katika michoro ya George Pérez.

Wafuatiliaji wa mfululizo huu wanakumbuka kwamba mtindo huo ni mkongwe. Mwaka 1940 Namor, mwana wa bahari, alipambanishwa na Human Torch, mtu wa moto, na mwaka 1976 Superman akakutana na Spider-Man. Sinema nazo zimeufuata. Mwaka 2021 Spider-Man watatu walitokea katika filamu moja, na mwaka 2024 Deadpool na Wolverine waliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hayo yanatosha kuhusu habari za Marekani.

Katika vibanda vya video vya Ukunda na Msambweni, ambako filamu za nje huvuma kwa sauti ya msimuliaji DJ Afro, vijana hubishana hadi usiku nani angemshinda nani. Ni ubishi wa maana, kwa sababu humlazimisha mtu kupima nguvu, udhaifu na tabia. Ila ni nadra kusikia jina la Mbaruk bin Rashid likitajwa, ilhali anayetoka Diani kwenda Msambweni hupita kwenye njia panda ya kuingilia Gazi, kijiji alikokaa na kutawala.

Mbaruk alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, aliuteka mji kwa hila, wakuu wa Mazrui wakafungwa na kusafirishwa kuvuka bahari, wasirudi tena. Waliosalimika waligawanyika, wengine wakaelekea Takaungu kaskazini, wengine wakaja Gazi kusini. Kijana aliyelelewa katika uchungu huo hakuwahi kukubali moyoni kwamba Zanzibar ni bwana wake. Kwa miongo kadhaa aliasi, akapatana, akaasi tena, na kila alipozidiwa pwani alipanda bara hadi ngome yake ya Mwele, iliyofichwa msituni katika vilima vya upande wa Shimba.

Anayetafuta makao ya siri ya shujaa, kama lile pango la Batman, asiende mbali. Mwele ilikuwa ngome kwelikweli. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, aliizingira akaitwaa, lakini mwenyewe Mbaruk akabaki na uhai wake na hasira zake. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alipofariki, Waingereza walimweka kwenye kiti mtu waliyemtaka wao, na mpinzani wake akakimbilia Gazi kuomba hifadhi. Mbaruk hakumtoa mgeni wake. Vita vikawaka pwani nzima. Agosti mwaka huo Admeri Harry Rawson alipandisha wanamaji wake hadi Mwele, wakaivamia na kuiteka; medali za askari wa safari hiyo zilichorwa jina la Mwele na mwaka 1895. Hata hivyo shujaa wetu hakukamatwa. Ilibidi Waingereza waletewe kikosi kutoka India ndipo Mbaruk, Aprili 1896, alipovuka mpaka na watu wake na kujisalimisha kwa Wajerumani badala ya kuwapigia magoti waliomfukuza. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa doa lake, kwa maana shujaa asiye na doa hafai hata katika katuni. Mashamba ya Mazrui yalilimwa na watumwa, na utajiri uliolisha vita vya Mbaruk ulitokana kwa sehemu na jasho lao. Mwandishi atakayeficha jambo hili atakuwa amewadhulumu wajukuu wa watumwa hao, ambao wangali wanaishi Kwale hii hii. Doa lisifichwe, wala Mbaruk asifutwe.

Hapo ndipo anapoingia Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza. Wagiriama walifanya biashara ya pembe za ndovu na Wamazrui wa Takaungu, na baadhi yao waliwasaidia waasi mwaka 1895, kwa hiyo kuwakutanisha wawili hawa si kulazimisha mambo. Simulizi za Kigiriama zinasema kaka yake Mekatilili alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asirudi tena. Mwaka 1895 mama huyu alikuwa mtu mzima tayari. Tumpe basi safari moja ya kubuni, kutoka Kilifi hadi kusini, na tumkutanishe na Mbaruk usiku baada ya Mwele kuanguka.

Mahali pa kuwakutanisha ni Kaya Kinondo, hapo Diani, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, zilizoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni anayeingia humo hadi leo hufungwa shuka jeusi kiunoni, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Bunduki zinabaki nje. Mbaruk anaingia akiwa amepoteza ngome, amechoka, miguu imevimba. Mekatilili amekaa chini ya mti. Hamsalimii kwa heshima ya kifalme. Anamuuliza swali moja: kaka yangu yuko wapi?

Waandishi wa Marekani wanajua kanuni hii vizuri. Mashujaa wawili wakikutana, kwanza wagombane, na ugomvi wao uwe wa haki, kisha adui mkubwa zaidi awalazimishe kusimama pamoja. Kwao ugomvi mara nyingi hutokana na kutoelewana kidogo tu, na kufikia ukurasa wa kumi umeshakwisha. Huu wetu hauwezi kwisha upesi hivyo. Mbaruk anahitaji mapanga na mishale ya Wagiriama. Mekatilili anajua Mwingereza akimaliza Gazi atageukia kaya zake. Na kweli alizigeukia. Mwaka 1913 Mekatilili na mwenzake katika upinzani, Wanje wa Mwadorikola, walikamatwa na kuhamishiwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita. Na Agosti mwaka huo Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Mwandishi mwenye kipaji atamfanya Mbaruk ajibu swali lile kwa kuwaachia huru watu wa mashamba yake, au ashindwe kulijibu, na kushindwa huko kuwe ndiko kunakomvusha mpaka. Mwandishi wa makala haya angechagua njia ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoheshimu historia.

Wapo pia wa kuongezwa. Fumo Liyongo wa Pate hakudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilifichuliwa na mwanawe. Lwanda Magere wa Waluo hakuchomeka kwa mkuki ila kwenye kivuli chake, na siri hiyo ilitolewa na mkewe. Wawili hawa wakiketi pamoja wangekuwa na mengi ya kuulizana kuhusu watu wa nyumbani. Liyongo angemwonyesha mwenzake ule mkate wa wishwa ambao askari wa gereza waliudharau, wasijue kwamba mama yake ameficha tupa ndani yake.

Wachoraji wetu wamekwisha kuanza. Miaka ya 1980 Terry Hirst alichora ngano zetu katika vitabu vya Pichadithi, Lwanda Magere akiwemo. Mwaka 2019 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Google waliweka mtandaoni picha za mashujaa wa jamii za Kenya, kazi ya Shujaa Stories, wakiwa wamechorwa kama wale wa Marvel.

Kuhusu sinema, mifano miwili inatosha. Storm wa X-Men, aliyezaliwa katika katuni mwaka 1975, ni mwana wa mama Mkenya, na mara ya kwanza kuonekana alikuwa Kenya, akiabudiwa kwa kuleta mvua. Halle Berry alipomwigiza mwaka 2000 alijaribu lafudhi ya kwetu. Katika filamu iliyofuata lafudhi ikatoweka, na Kenya yake ikatoweka nayo. Ndivyo inavyokuwa shujaa anapoandikiwa filamu na watu wasiomjua mama yake. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ilionyesha kinyume chake: kijiji kizima kinamtengenezea mtoto mgonjwa filamu ya ushujaa wake, na kila uso ulio ndani ya filamu hiyo ni wa nyumbani.

Ombi ni kwa walimu wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango. Likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi ya kwenda kwa wazee wa Gazi na wa vijiji vilivyo karibu na Mwele, warekodi kwa simu kila wanachokumbuka kuhusu Mbaruk, mazuri na maovu, pamoja na majina ya watu wa mashamba ambao hawamo katika kitabu chochote. Kisha wapewe daftari na penseli wachore. Waliosimuliwa vita hivyo na babu zao wamebaki wachache, na wengi wao ni wagonjwa.

Juma lijalo: Fumo Liyongo na walinzi wa gereza.