Juu ya Kurudisha Dirisha la Kihariri Mahali Pake

Mtu akisema, "Kitabu kipo pale," asiyekuwapo wakati wa kunena hawezi kujua ni wapi. Neno hilo lina maana, lakini maana yake haikamiliki mpaka ijulikane msemaji alisimama wapi. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba namba nazo zina tabia hiyo hiyo, na mfano wangu ni Emacs, programu ya kuandikia matini kwa kompyuta.

Tangu toleo la 24.4, lililotoka mwaka 2014, Emacs huweza kuhifadhi mahali pa madirisha yake na kuyarudisha kazi ifunguliwapo tena. Mahali hapo huelezwa kwa namba mbili, ya kushoto na ya juu, zinazohesabiwa kwa nukta za skrini.

Mimi huweka kushoto matini ya mazungumzo niliyoyanukuu kwa wazee, na kulia rasimu ya maelezo yangu. Dirisha la kushoto nilikuwa nimelisukuma nukta 40 nje ya ukingo, ili pambizo lake lisinichukulie nafasi. Kisha niliandika programu fupi ya kuhifadhi mahali hapo kwa namna niliyoipenda. Kesho yake matini ya wazee ilitokea kulia. Nami, kwa mazoea ya mkono, niliandika maelezo yangu ndani ya maneno yao kabla sijatambua.

Nilianza kwa kuishuku Emacs. Basi niliifungua kwa amri ya -Q, ambayo huizuia isisome mipangilio ya mtumiaji, nikawasha uhifadhi wake yenyewe: dirisha likarudi kushoto. Hivyo kosa lilikuwa kwangu. Nikaiuliza Emacs dirisha liko wapi, ikajibu: (+ -40). Katika faili langu niliona -40 tu. Alama ya kujumlisha iliyotangulia niliiondoa mwenyewe, nikiidhani ni ziada.

Kumbe haikuwa ziada. Katika Emacs, -40 peke yake humaanisha kwamba ukingo wa kulia wa dirisha uwe nukta 40 kutoka ukingo wa kulia wa skrini. Lakini (+ -40) humaanisha: pima kutoka kushoto, kisha toka nje nukta 40. Namba ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kupima. Niliirudisha alama, na hitilafu ikaisha.

Yafaa kuongeza kwamba si kila hitilafu ya namna hii ina asili moja. Pengine namba ni sahihi, ila mfumo unaosimamia madirisha huipuuza na kuchagua mahali pengine. Hapo Emacs ina kigezo kiitwacho user-position, ambacho huujulisha mfumo huo kwamba mahali pamechaguliwa na mtumiaji mwenyewe.

Kwa hiyo anayetafuta kosa na alinganishe mambo matatu: mahali palipokuwa na dirisha, kilichoandikwa katika faili, na mahali lilipotokea. La kwanza na la pili yakitofautiana, kosa li katika kuhifadhi. La pili na la tatu yakitofautiana, li katika kurudisha. Na yakilinganishwa yasipimwe kwa namba tupu, bali pamoja na alama zake. Sisi tulio wanafunzi wa lugha tungepaswa kuwa wa mwisho kuifuta alama kwa sababu tu ni ndogo.