Mbwa wa Mgeni Hotelini: Akubaliwe Wapi, na kwa Masharti Gani?

Kisiwa cha Pemba kiliondokewa na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Wataalamu wa mifugo walikuwa wamepita kijiji kwa kijiji wakichanja mbwa, na hatimaye maambukizi yakakatika. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi waligundua kwamba vilikuwa vimeingia kutoka nje ya kisiwa mara mbili tofauti, vikakuta mbwa wengi wasio na kinga. Ikabidi kazi ya chanjo ianze upya, na mwaka 2018 Pemba ikasafika tena.

Virusi hivyo havivuki bahari vyenyewe. Huvushwa na mnyama aliyepandishwa chomboni, pengine na mtu asiyejua kabisa alichobeba. Ndiyo maana mgeni anapoipigia simu hoteli ya mapumziko na kuuliza, "Tunaweza kuja na mbwa wetu?" jibu atakalopewa linawagusa watu wengi kuliko watakaolala chumbani humo.

Swali lenyewe si geni Diani, Watamu wala Bagamoyo. Shule zikifungwa, zipo familia za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zinazoshuka pwani zikiwa na mbwa wao garini, kwa kuwa hazina wa kumwachia au kwa kuwa zimemzoea kama mmoja wa nyumbani. Baadhi ya hoteli na nyumba za kupangisha huwapokea, nyingine hukataa katakata. Mara nyingi kinachoamua ni mapenzi ya mwenye hoteli kwa mbwa, au hofu yake. Lakini yapo mambo yanayopimika ambayo yangeamua vizuri zaidi: chanjo, mchanga wa ufukweni, hewa ya chumbani, wanyamapori walio jirani, na afya ya mbwa mwenyewe.

Cheti kwanza, tabia baadaye

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa. Wanne katika kila kumi wanaofariki ni watoto walio chini ya miaka 15. Virusi hukaa kwenye mate, huingia mwilini kupitia jeraha la kung'atwa, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa mtu, safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu. Dalili zikishatokea, kifo ni karibu hakika.

Mbwa naye anaweza kubeba maambukizi kwa wiki kadhaa akiwa mchangamfu, anakula na kucheza. Anaweza hata kuanza kutoa virusi kwenye mate siku chache kabla dalili hazijaonekana. Kumtazama mbwa pale mapokezi na kuridhika kwamba ni mpole hakutoshi kuwa kipimo. Kipimo ni cheti cha chanjo chenye tarehe, na tarehe hiyo isomwe kwa makini: kinga ya chanjo ya kwanza huchukua wiki kadhaa kujengeka, na ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya hudai zipite angalau siku 21 kabla mbwa hajasafirishwa. Chanjo ya kwanza iliyochomwa juzi, siku mbili kabla ya safari, bado haijamkinga mtu.

Kuna upande mwingine ambao hoteli nyingi huusahau. Mbwa wa mgeni aliyechanjwa kila mwaka si tishio kubwa kwa kijiji cha jirani. Yeye ndiye anayeingia mahali ambapo huenda mbwa wanaozurura hawajawahi kuona sindano. Wataalamu wanakubaliana kwamba ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Hoteli inayotaka kupokea mbwa ina kila sababu ya kuhakikisha mbwa wa kijijini wamechanjwa pia, kwa ajili ya wageni, wafanyakazi wake na watoto wao.

Na ajali ikitokea, mgeni au mfanyakazi akang'atwa au akakwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kwa chanjo siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Wahudumu wote, kuanzia mlinzi wa getini, wanapaswa kulijua hilo kwa moyo.

Mchanga unaotembea na minyoo

Hatari ya pili haina jina la kutisha, ila huwapata watalii wengi zaidi. Ni minyoo ya safura ya mbwa na paka. Mbwa mwenye minyoo hiyo anapojisaidia ufukweni, mayai hutoka na kinyesi. Mchanga ukiwa na joto, unyevu na kivuli, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na katika muda wa siku tano hadi kumi lava huwa tayari kupenya ngozi ya mtu anayetembea peku au aliyejilaza bila mkeka.

Mwili wa binadamu si makazi yake halisi, hivyo lava hushindwa kuingia ndani zaidi na kubaki ikitangatanga chini ya ngozi. Huacha mstari mwekundu uliojikunja, unaowasha sana hasa usiku, na ambao huongezeka urefu kila siku. Madaktari wa pwani huufahamu kwa kuutazama tu, na hutibu kwa dawa kama ivermektini au albendazo. Wageni wengi hurudi makwao kabla mstari haujaonekana, wakaangukia kwa daktari asiyewahi kuuona, na kupewa krimu ya fangasi isiyosaidia.

Dawa ya minyoo kabla ya safari, na kinyesi kuokotwa papo hapo kabla mayai hayajaanguliwa, hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Hapa pia mbwa wa mgeni ni sehemu ndogo ya tatizo, kwa kuwa mbwa na paka wasio na wenyewe hujisaidia mchangani humo humo kila siku bila wa kuwafuata na mfuko.

Kinachobaki chumbani

Mgeni akiondoka na mbwa wake, kuna kitu kinabaki. Protini zinazosababisha mzio wa mbwa hutoka kwenye mate na mba ya ngozi yake. Huelea hewani zikiwa chembe ndogo sana, hunasa kwenye godoro, pazia na zulia, na zinaweza kudumu humo kwa miezi hata baada ya kufagia na kufua. Kwa mtu mwenye pumu, usiku mmoja katika chumba cha namna hiyo unaweza kumpeleka hospitali.

Wafugaji wengine hudai kwamba mbwa wao ni wa aina isiyoleta mzio. Tafiti zilizopima vumbi la nyumba zenye mbwa hao hazikukuta tofauti ya maana kati yao na mbwa wengine. Njia ya uhakika ni kutenga vyumba: vichache, vyenye sakafu ya vigae au saruji, bila zulia, vyenye madirisha makubwa, na visivyopewa mgeni mwingine bila kuambiwa.

Kuna pia kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ana tabia inayowasumbua wenye hoteli kuliko kupe wengine wote. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya jengo. Jike akishashiba damu hujiangusha, hutambaa hadi kwenye ufa wa ukuta na kutaga maelfu ya mayai. Chumba kikishavamiwa, kupulizia dawa mara moja hakutoshi. Mbwa aliyepakwa dawa ya kupe kabla ya kusafiri huiepusha hoteli na gharama hiyo yote.

Anayesafisha chumba ana haki ya kusikilizwa. Katika pwani ya Waswahili wahudumu wengi wa vyumba ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Meneja asiyelitambua hilo humlazimisha mfanyakazi kuchagua kati ya kibarua na ibada yake. Kupanga zamu kwa hiari, kutoa glavu na vifaa vya usafi vya vyumba hivyo pekee, na kumtaka mwenye mbwa asimwache peke yake chumbani wakati wa usafi ni mambo yanayowezekana bila gharama kubwa. Sharti la mwisho linalinda usalama pia, maana mbwa aliyefungiwa mahali pageni anaweza kumng'ata hata mtu asiyemtendea lolote.

Simba wa mwaka 1994

Kwa hoteli na kambi zilizo pembezoni mwa hifadhi, historia ya Serengeti inatosha kuamua. Mwaka 1994 simba walianza kuonekana wakiyumba, wakitetemeka na kuanguka kwa degedege. Ugonjwa ulikuwa distempa, unaojulikana zaidi kwa mbwa. Takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, walikufa, na maradhi yakavuka mpaka hadi Maasai Mara. Ushahidi ulielekeza kwenye mbwa wengi wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi. Utafiti wa baadaye uliongeza kwamba vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe baada ya ukame mkali ndivyo vilivyoufanya mlipuko uwe mbaya kiasi kile, na kwamba virusi vikishaingia kwa wanyamapori vinaweza kuendelea kuzunguka humo hata mbwa wa vijijini wakichanjwa.

Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania, na kambi iliyo nje kidogo ya mpaka haina sababu ya kisayansi ya kujiona tofauti. Fisi, mbweha na mbwa mwitu hawasomi vibao vya mpaka. Mahali pa namna hiyo, jibu liwe hapana.

Fukwe zinazotagiwa na kasa zinahitaji ukali wa aina hiyo hiyo. Mayai ya kasa hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa, na mbwa ana pua ya kuyagundua na makucha ya kuyafukua. Hoteli iliyo mbele ya ufukwe kama huo inaweza kumpokea mbwa bustanini, ila mchangani asishuke usiku, na mchana awe amefungwa kamba.

Mbwa naye anaumia

Katika mjadala huu mbwa mwenyewe hasemi, na mara nyingi ndiye anayelipa. Hatoi jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza zaidi kwa kuhema, maji yakiwa yanavukizwa kutoka mdomoni na kwenye ulimi. Katika hewa ya pwani iliyojaa unyevu, mvuke huo huondoka kwa shida. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Mbwa wenye pua fupi, kama pagi na bulidogi, hufika huko upesi zaidi. Garini kwenye jua, au chumbani umeme ukikatika na feni kusimama, mbwa anaweza kufa kabla mwenyewe hajarudi kutoka kuogelea.

Mbwa aliyelelewa kwenye baridi ya Nairobi hukutana pia na wadudu asiowazoea. Mbung'o wa Shimba Hills, katika kaunti ya Kwale, hubeba vimelea vya nagana, maradhi yanayompata mbwa kwa ukali, yakimletea homa na ukungu machoni. Maji ya chumvi nayo, akiyanywa kwa wingi, humtapisha na kumharisha.

Anayekuja kutoka Ulaya ana hesabu nyingine ya kufanya. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zenye masharti mepesi, hivyo mbwa anayerudi Ulaya hupimwa damu kuthibitisha kwamba kinga yake dhidi ya kichaa cha mbwa imefikia kiwango cha IU 0.5 kwa mililita. Asiyepimwa kabla ya kuondoka hulazimika kusubiri miezi mitatu baada ya damu kuchukuliwa. Kwa likizo ya wiki mbili, kumwacha nyumbani na mtu anayemwamini ndiko kumtendea wema.

Masharti ya kuandikwa

Mbwa elekezi wa asiyeona yuko katika kundi lake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu haimhesabu kuwa mnyama wa starehe, na hoteli haziruhusiwi kumtoza ada ya ziada. Hoteli zetu zingefaa kufuata mwelekeo huo hata pale sheria isipowalazimisha, kwa kuwa bila mbwa huyo mgeni amenyimwa macho yake.

Kwa mbwa wengine, hoteli ya mjini au ya pwani iliyo mbali na hifadhi inaweza kusema ndiyo kwa usalama ikiwa masharti yameandikwa na yanafuatwa: cheti cha chanjo ya kichaa na distempa, dawa ya minyoo na ya kupe iliyotolewa karibu na safari, vyumba maalumu, kamba wakati wote, marufuku jikoni, kwenye mgahawa na kwenye bwawa la watoto, na namba ya daktari wa mifugo wa karibu ikiwa imebandikwa mapokezi. Asiye na cheti asiingie, hata akiwa mteja wa miaka mingi.

Hoteli nyingi zinazopokea mbwa hutoza ada ya ziada. Sehemu ya fedha hizo ingepaswa kupelekwa kwa ofisa mifugo wa wilaya au kaunti, inunue dozi za chanjo kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Kumchanja mbwa ni nafuu mara nyingi kuliko kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa, na kampeni nyingi hufanyika kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hoteli isiyo tayari kuchangia kazi hiyo isikimbilie kutangaza kwamba inakaribisha mbwa.